Boulder Crest ya Virginia: mapitio kwa anayeombwa kuchangia upanuzi wa kituo cha askari wastaafu

Boulder Crest ni kituo cha mapumziko na mafunzo kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani, kilichopo Bluemont, kijiji cha jimbo la Virginia kilicho chini ya milima ya Blue Ridge, magharibi mwa Washington. Anayekwenda pale halipi chumba, chakula wala mafunzo. Anayelipa ni mchangiaji. Kwa hiyo huduma hii ina wateja wawili, na mapitio haya nimeyaandika kwa upande wa yule wa pili, yaani mtu ambaye kila Novemba, Siku ya Maveterani inapokaribia, huletewa ombi la kutoa dola hamsini au mia ili kituo fulani cha aina hii kiongezewe vyumba, na ambaye angependa kujua hela yake inanunua nini kabla haijamtoka mkononi.

Wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani hawako mbali na jambo hili. Jeshi la nchi hiyo lilipoendesha mpango wa MAVNI kuanzia mwaka 2009 hadi 2016, mpango uliowaruhusu wageni wenye ujuzi wa lugha adimu au taaluma ya utabibu kujiunga na jeshi na kupewa uraia kwa haraka, Kiswahili kilikuwa katika orodha ya lugha zilizotakiwa. Wapo waliotoka Afrika Mashariki kwa ajili ya masomo wakavaa sare kwa mlango huo, na wengine walioingia kwa kadi ya ukaazi wa kudumu. Hao sasa ni maveterani, wana wake na waume, na wana watoto wanaowaona baba zao wakishtuka fataki zinaporushwa tarehe 4 Julai. Sisi tumezoea kuchangia matanga, harusi na bili za hospitali, na mara nyingi mweka hazina ni mtu tunayemfahamu hadi kwao. Kuchangia jengo la shirika ni jambo jingine: mweka hazina hatumjui, na daftari lake lazima tulitafute wenyewe.

Mwanzilishi wa kituo, Ken Falke, alitumikia Jeshi la Wanamaji la Marekani kwa miaka 21 katika kikosi cha kutegua mabomu, kisha akawa mfanyabiashara. Vita vya Iraq na Afghanistan vilipokuwa vikirudisha vijana waliokatwa viungo katika hospitali za kijeshi za Washington na Bethesda, yeye na mkewe Julia walianza kuwaalika majeruhi hao pamoja na familia zao nyumbani kwao Bluemont, ili wapate siku mbili tatu za kulala bila muuguzi kuingia usiku wa manane kupima presha. Wageni wakazidi nafasi. Mwaka 2010 wenyeji hao walimega ekari 37 kutoka kwenye shamba lao la ekari takriban 200, wakaziweka mikononi mwa shirika la hisani, na kuanza kuchangisha fedha za ujenzi. Kituo kilifunguliwa Septemba 2013. Kina nyumba nne za magogo zinazofikika kwa kiti cha magurudumu, jengo kuu la kulia na kukutania, bustani iliyozungushiwa ukuta, uwanja wa kulenga shabaha kwa upinde na mshale, na njia ya mizunguko ambayo mtu huitembea taratibu akitafakari.

Nakitaja kiasi hicho, nyumba nne, kwa makusudi, kwa kuwa ndicho chanzo cha mazungumzo yote ya upanuzi. Mpango mkuu wa kituo, unaoitwa Warrior PATHH, huchukua kundi dogo la watu sita hadi wanane, wote wa jinsia moja, na kuanza kwa siku saba za kukaa pamoja kituoni. Chukua kalamu upige hesabu. Hata kama kila wiki ya mwaka ingejaa watu wanane bila kukosa, ambalo ni jambo lisilowezekana kwa kituo chochote kinachohitaji kufua mashuka na kupumzisha wafanyakazi, jumla ingekuwa 416. Marekani ina maveterani wapatao milioni 18. Idara ya Masuala ya Maveterani ya nchi hiyo iliripoti kuwa mwaka 2021 pekee maveterani 6,392 walijiua. Mtu akizitazama namba hizi kwa pamoja, jibu la kwanza linalomjia ni kwamba nyumba ziongezwe. Ni jibu la huruma, lakini kwa maoni yangu halijakamilika.

Ili kueleza kwa nini, inafaa kwanza kuona kinachofanyika ndani ya siku hizo saba na baada yake. Wanaoongoza kundi si madaktari bali ni wanajeshi wa zamani waliopitia njia hiyo hiyo wakafundishwa kuwaongoza wenzao. Hakuna anayelazwa na hakuna anayeandikiwa vidonge. Washiriki hufundishwa kutaamali, hutembea, hutumia upinde na mshale, huhudumia farasi, hupewa mazoezi ya kutegemeana, na zaidi ya yote husimulia maisha yao mbele ya watu wanaojua harufu ya baruti, wakianzia utotoni badala ya kuanzia siku ya mlipuko. Hilo la mwisho naliona kuwa ndilo jambo la busara zaidi katika mpango mzima, maana wengi wa wanaoumia vitani walikuwa wameumia nyumbani kabla hawajapewa bunduki, na matibabu yanayoanza na tarehe ya vita huacha nusu ya habari nje. Siku saba zikiisha, kila mtu hurudi kwao, na hapo huanza siku nyingine 83 za kufuatiliwa kwa simu na kwa programu ya intaneti, akiwa na kundi lake lile lile, hadi zitimie siku 90. Zamani ufuatiliaji huo ulikuwa wa miezi 18, ukapunguzwa.

Msingi wa kitaaluma wa mafunzo haya ni dhana ya ukuaji baada ya kiwewe, iliyoasisiwa na wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Charlotte katika miaka ya 1990. Wao walisema kwamba mtu aliyepatwa na jambo la kumvunja anaweza, kwa kupambana nalo, kufika mahali ambapo hakuwahi kufika kabla: akathamini uhai zaidi, akakaribiana na watu, akaujua uwezo wake, akaona njia mpya za maisha, au akakua kiroho. Mwaka 1996 walichapisha dodoso la maswali 21 la kupimia maeneo hayo matano. Tedeschi mwenyewe sasa anafanya kazi na Boulder Crest, jambo ambalo ni sifa kubwa kwa kituo cha vijijini, kwani vituo vingi vya aina hii hujengwa juu ya nia njema na farasi wawili watatu bila nadharia yoyote.

Nadharia hiyo, hata hivyo, haijasalimika na maswali. Mwaka 2009 Patricia Frazier wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walionyesha kwamba ukuaji ambao watu husema wameupata baada ya janga haulingani vizuri na mabadiliko yanayoonekana ukiwapima kabla na baada. Kwa lugha ya kawaida, mtu anaweza kuamini amekua bila kubadilika sana. Mchangiaji anayesoma vipeperushi vya kituo chochote kinachofuata mkondo huu, vyenye asilimia za kuvutia za walioboreka, anapaswa kuuliza nani alipima, baada ya muda gani, na wangapi waliacha kujibu maswali njiani. Wakati huohuo asidhani kwamba kliniki rasmi hazina mapungufu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa katika jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2015 yalionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya wanajeshi na maveterani waliopata tiba kuu mbili za kisaikolojia zinazopendekezwa walimaliza matibabu wakiwa bado wana vigezo vya ugonjwa wa kiwewe (PTSD). Pengo lipo kweli, na kituo cha Bluemont kimejiweka ndani ya pengo hilo. Nakipa alama nzuri kwa hilo, mradi kisijitangaze kuwa mbadala wa daktari kwa mtu anayemhitaji daktari.

Sasa tuje kwenye upanuzi wenyewe. Boulder Crest imepanuka kwa njia mbili, na tofauti kati yake ndiyo iliyonivutia kukiandikia kituo hiki mapitio. Njia ya kwanza ni ile inayozoeleka: mwaka 2017 ilifunguliwa Boulder Crest ya pili karibu na mji mdogo wa Sonoita, kusini mwa Arizona, ili watu wa magharibi wasivuke bara zima kwenda Virginia. Njia ya pili ni kuupeleka mpango wa Warrior PATHH kwenye vituo ambavyo tayari vina vitanda vyake. Camp Southern Ground ya Georgia, iliyoanzishwa na mwanamuziki Zac Brown, huwapokea watoto wakati wa kiangazi, na miezi mingine huwapokea maveterani. Big Red Barn Retreat ya South Carolina ni mshirika mwingine. Huko Maine yupo Travis Mills, aliyekuwa sajenti wa kikosi cha 82 cha askari wa miavuli, aliyepoteza sehemu za mikono yote na miguu yote miwili kwa bomu la kutegwa ardhini nchini Afghanistan tarehe 10 Aprili 2012. Shirika lake lilifungua mwaka 2017 kituo cha familia katika eneo la maziwa ya Belgrade, kwenye jengo lililokuwa mali ya Elizabeth Arden, yule tajiri wa vipodozi, ambaye miaka ya 1930 aliendesha hapo makao ya urembo kwa wanawake wenye uwezo. Nao huendesha Warrior PATHH.

Njia hii ya pili haipigiwi picha nzuri. Hakuna utepe wa kukatwa, hakuna jiwe la msingi lenye majina ya wafadhili, na gazeti la wilaya haliji. Lakini kwa kila dola naiona inafika mbali zaidi, kwa kuwa kitanda cha Georgia ambacho kingelala kitupu mwezi Februari kinapata mtu wa kukilalia, na fedha zilizochangwa zinakwenda kwa waongozaji wanaofundishwa badala ya saruji. Ukiniuliza kipi cha kwanza cha kuchangia kwa jina la upanuzi, nitasema ni mafunzo ya waongozaji. Nyumba nne zenye waongozaji wazuri zinawafaa watu kuliko nyumba kumi zenye waongozaji waliochoka.

Wahenga walikwisha kusema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na katika shughuli ya hisani za kijeshi sijui mfano unaoeleza hilo vizuri zaidi ya ule wa Uingereza. Oktoba 2007, Bryn na Emma Parry walianzisha shirika la Help for Heroes wakiwa na lengo moja lililoeleweka na kila mtu: kukipatia bwawa la kuogelea kituo cha Headley Court, kilichokuwa Surrey, ambako wanajeshi waliokatwa miguu walikuwa wakijifunza kutembea upya. Majeruhi hawakuwa na bwawa la maana la mazoezi pale, na taifa liliona aibu. Watu wakaendesha baiskeli, wakauza keki, wakavaa bangili za mpira, na takriban pauni milioni 8 zikapatikana kwa jengo la bwawa na ukumbi wa mazoezi, ambalo Prince William alilifungua Juni 2010.

Miaka minane baadaye kituo kizima kilihamishwa. Duke wa Westminster, kabaila tajiri wa Uingereza, alikuwa ameongoza ujenzi wa kituo kipya na kikubwa zaidi huko Stanford Hall, Nottinghamshire, kwa gharama ya takriban pauni milioni 300, na mwaka 2018 kikakabidhiwa kwa taifa. Headley Court ikaachwa na wanajeshi, bwawa likiwemo. Wapo waliolalamika kwamba keki zao zilikwenda bure. Mimi siafiki. Wanajeshi wa Uingereza walimaliza shughuli za mapigano Afghanistan Oktoba 2014, na miaka ya mwanzo ya bwawa lile ilikuwa ndiyo miaka ya majeruhi wengi. Kijana aliyeingia majini mwaka 2011 hakuweza kusubiri Nottinghamshire. Lakini mfano huo unafundisha kwamba jengo lililojengwa kwa hela za hisani juu ya ardhi ya mwingine hufuata uamuzi wa mwenye ardhi. Kabla ya kuchangia upanuzi, ni haki kuuliza hati ya kiwanja ina jina la nani, na mali itakwenda kwa nani shirika likivunjika. Kwa Bluemont, ardhi ilitolewa na waanzilishi kwa ajili ya kazi hii, na hilo ni jambo la kupongezwa.

Mfano wa pili wa Waingereza hao hao unauma zaidi. Baada ya mafanikio ya bwawa, Help for Heroes iliingia katika kuendesha vituo vya uponaji yenyewe, na kilichojulikana zaidi kilikuwa Tedworth House, jumba la kale la Tidworth, Wiltshire, lililokarabatiwa kwa ustadi na kufunguliwa rasmi na Prince William na Prince Harry mwaka 2013. Askari na familia walilala pale, walicheza michezo, walijifunza kazi. Ila jumba la kale lina paa la kale, lina bili za kupasha joto, lina wapishi na wauguzi wa kulipwa kila mwezi, na wakati huo vita vilikwisha kutoka kwenye taarifa za habari za jioni na michango ilikuwa inapungua. Janga la Korona lilipofunga mbio na matamasha ya kuchangisha mwaka 2020, mapato yakaanguka, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, milango ya vituo ikafungwa, na shirika likaamua kuendelea kuwahudumia watu mahali walipo badala ya kuwaita kwenye majengo. Hakuna aliyeiba kitu. Umma ulitoa kwa moyo mkunjufu ilipokuwa zamu ya kujenga, na ukachoka ilipofika zamu ya kulipa umeme.

Watu wa pwani yetu walilitatua tatizo hili karne nyingi zilizopita. Aliyejenga msikiti Lamu au Mombasa hakuishia kwenye mihrabu. Aliuwekea wakfu nyumba, duka au shamba la minazi, na kodi au mavuno yake yakalipa mafuta ya taa, mikeka na matengenezo baada ya yeye kuzikwa. Mashirika ya Marekani nayo yana mifuko ya namna hiyo, ambayo mtaji wake hauliwi bali huliwa faida, na ndiyo ninayoitafuta kwanza ninapofungua hesabu za shirika lolote linaloomba hela ya kujenga. Ombi la upanuzi lisilotaja jinsi nyumba mpya itakavyolishwa kwa miaka kumi ya mwanzo nalihesabu kuwa ombi lenye upungufu, hata liwe na picha ya majeruhi aliyebeba mtoto wake.

Kuzifungua hesabu hizo si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Shirika la hisani la Marekani lenye msamaha wa kodi wa kundi la 501(c)(3) na mapato ya kutosha hujaza kila mwaka fomu nambari 990 ya Idara ya Mapato, na sheria inataka fomu hiyo ionyeshwe kwa anayeiomba. Sehemu ya VII huonyesha mishahara ya viongozi. Sehemu ya IX hugawa matumizi katika mafungu matatu: huduma yenyewe, utawala, na gharama za kuchangisha. Sehemu ya X ni mizania, na humo utaona ni kiasi gani cha mali kimefungwa kwa masharti ya wafadhili, yaani hakiwezi kutumika kulipa mishahara hata kama jiko limezimika. Jedwali D huonyesha mfuko wa wakfu kama upo. Mtu anayejua kusoma taarifa ya chama cha akiba na mikopo ataielewa, na jioni moja inamtosha.

Sababu ya kujisumbua hivyo ipo. Januari 2016, televisheni ya CBS na gazeti la New York Times waliandika kuhusu Wounded Warrior Project, shirika kubwa kuliko yote ya majeruhi wa vita nchini Marekani wakati huo, na matumizi yake makubwa katika mikutano, safari na hoteli. Bodi iliwaondoa viongozi wake wawili wa juu mwezi Machi. Shirika lilijirekebisha na bado linafanya kazi kubwa, lakini tangu hapo mchangiaji wa Marekani amekuwa na tabia ya kuuliza asilimia ya utawala ni ngapi, na hapo pia kuna mtego. Shirika linaloogopa swali hilo hupunguza wahasibu, hupunguza wanaofuatilia washiriki, huacha kupima matokeo, na kwenye karatasi linaonekana safi. Zile siku 83 za ufuatiliaji za Boulder Crest ni kazi ya watu waliokaa mezani na simu. Mwenye haraka angeweza kuziona kama gharama za ofisi, wakati mimi naona kwamba bila hizo wiki ya Bluemont ingekuwa likizo nzuri tu, na mtu angerudi kwenye sebule ile ile na chupa ile ile.

Ipo pia njia ya tatu ya kupanua, ambayo sitakaa nayo sana kwa kuwa si ya Boulder Crest. Fisher House, iliyoanzishwa na Zachary na Elizabeth Fisher mwaka 1990, hujenga nyumba za kulala familia za wagonjwa karibu na hospitali za kijeshi na za maveterani, kisha huzikabidhi kwa serikali iziendeshe. Zimezidi 90. Kwa nyumba ya kulala wageni mpango huo unafaa sana, kwani serikali inajua kubadilisha shuka na kulipa bili ya maji. Kwa kazi inayotegemea kuaminiana kati ya watu wanane na mwongozaji wao, nina shaka nao, maana baadhi ya wanaokwenda Bluemont huenda huko kwa sababu wamechoka na foleni na fomu za serikali hiyo hiyo.

Yapo mambo ambayo ningependa kuyaona yakiboreshwa kabla ya kuongeza nyumba yoyote. La kwanza ni wenza. Mpango una vipindi vya wanandoa na familia, lakini uzito wa kazi upo kwa mwanajeshi mwenyewe, na anayeishi na kiwewe hicho usiku kucha ni mke au mume aliyeko nyumbani akilinda watoto wasipige kelele. Kituo cha Maine, kilichoanza kwa kukaribisha familia nzima kwa wiki moja kando ya ziwa, kina la kuifundisha Bluemont hapo. La pili linawahusu maveterani wetu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kwa wengi wao familia maana yake ni mama aliyeko Kisumu au kaka mkubwa aliyeko Moshi, ambaye ndiye anayesikilizwa neno lake, na ambaye anadhani kijana amekuwa mlevi tu huko ughaibuni. Mpango unaofuatilia watu kwa simu na intaneti hauna sababu ya kuishia kwenye mipaka ya Marekani, na kumwingiza jamaa huyo kwenye mazungumzo mawili matatu kungegharimu kidogo kuliko dirisha moja la nyumba ya magogo. La tatu ni matokeo: napenda kuona majibu ya washiriki baada ya miaka mitano, yakiwemo ya walioacha, yakiwa yamekusanywa na watu wasiolipwa na kituo.

Kwa ndugu anayefikiria kwenda, si kuchangia, neno ni fupi. Omba mapema na uwe na hati yako ya kutoka jeshini, DD 214, kwani karibu kila shirika la aina hii huihitaji. Usiache dawa zako kwa sababu umepata nafasi. Usiogope kwamba utaambiwa ulie mbele ya watu. Wanaoongoza walikuwa wagumu kuliko wewe. Na mke wako akitaka kujua unakwenda kufanya nini huko milimani, mweleze, maana akidhani ni likizo ya wanaume atakuwa na haki ya kununa.

Kwa mchangiaji, uamuzi wangu ni huu. Kama huduma, Boulder Crest naipa alama nne kati ya tano, na ile ya tano naizuia hadi upimaji wa nje na nafasi ya familia viongezeke. Kama mahali pa kuweka hela ya upanuzi, namshauri mchangiaji asiandike kwenye hundi kwamba fedha ni za jengo. Chama cha ushirika, kanisa au kikundi cha wanawake kinaweza kukusanya kiasi na kuandika kwamba ni kwa ajili ya mafunzo ya waongozaji na ufuatiliaji wa baada ya wiki ya kwanza, na shirika likikubali masharti hayo kwa maandishi halitakuwa huru kuzihamishia fedha hizo kwenye ujenzi. Mwenye uwezo mkubwa zaidi, anayetaka kweli nyumba ya tano isimame, namshauri agawe sadaka yake mara mbili: nusu ijenge, na nusu iende kwenye mfuko wa wakfu wa kuitunza nyumba hiyo hiyo. Mashirika yenye hesabu safi hayakatai ombi kama hilo. Likikataliwa, Georgia na South Carolina wana vitanda vitakavyokuwa vitupu Februari ijayo.